Mvua Isiyofika kwenye Kompyuta

Wako watu wanaoogopa radi. Mimi naogopa simu ya mdogo wangu wa kike, Tuda, na siku ile alinipigia wakati wanawake wa kijiji chetu cha Ayt Uzru wanamvalisha bibi harusi.

Bibi harusi mwenyewe alikuwa upawa wa mti. Ukame ukizidi, wanawake wetu huchukua upawa mkubwa wa kupakulia uji wa shayiri, wakaufunga kilemba cha hariri, wakautia shanga, wakaupitisha nyumba kwa nyumba wakiimba na kuumwagia maji, ili mbingu zipate aibu kidogo. Mama yangu, Mama Hadda, ndiye aliyeubeba siku hiyo, maana sauti yake ndiyo inayosikika mbali. Mke wangu Itto alifuata nyuma, mkono kiunoni, tumbo limemtangulia.

"Kaka Bassou," Tuda akasema kwenye simu, "mvua inakuja leo alasiri."

"Alhamdulillahi. Na upawa haujamaliza hata mtaa wa kwanza."

"Usinichekeshe. Usifungue lango mpaka nikwambie. Umenisikia?"

Nilimsikia.

Mimi ndiye mshika lango la birika la maji ya kijiji. Baraza la kijiji lilinipa kazi hiyo kwa sababu, walisema, sina watoto wa kunishughulisha. Maneno hayo yaliniuma, lakini nikachukua kazi. Birika letu lilichimbwa na mababu chini ya mwamba, likasiribwa kwa chokaa, na maji ya mto huingia humo siku chache tu kwa mwaka, mvua ikinyesha milimani na mto mkavu ukafufuka. Kuna mfereji, kuna lango la chuma lenye usukani. Kinachoingia siku hiyo ndicho kijiji kizima kitakachokunywa mpaka mwaka ujao.

Sasa, juu ya kijiji kuna mgodi wa madini ya risasi uliofungwa kabla sijazaliwa. Waliochimba walichukua walichokitaka wakatuachia kifusi, mlima mzima wa vumbi la kijivu usioota hata mwiba. Mvua ndogo ikinyesha, kifusi huinywa yote, na mto huleta maji ya upande mwingine, safi. Mvua kubwa ikinyesha, korongo la mgodi nalo hutiririka, likashuka na kuingia mtoni juu kidogo ya lango langu. Sumu hiyo haina harufu wala ladha. Huingia kwenye mifupa ya watoto ikakaa. Mama mjamzito akiinywa, humfikia aliye tumboni.

Hayo aliniambia Tuda jikoni, kwa sauti ya chini, Itto akiwa nje anaanika nguo. Tuda anafanya kazi mjini, ofisi ya maji, na kazi yake ni kuchora bonde letu ndani ya kompyuta, makorongo yote, udongo wote, mteremko wote, halafu kulinyeshea mvua ya kubuni na kutazama maji yanakwenda wapi na yamebeba nini. Alinionyesha. Alibonyeza, mvua ikanyesha. Buluu ikashuka kwenye makorongo. Kisha kutoka kwenye kifusi ukaanza uzi mwekundu, mwembamba, ukajikokota, ukaingia mtoni, ukashuka hadi kwenye kijisanduku cheusi.

"Hicho nini?" nikamwuliza.

"Birika."

Chai yangu ilipoa mezani. Itto alishapoteza mimba kabla ya hii, na mimi nilishamzika mtoto ambaye sikuwahi kumpa jina. Nilitazama kile kijisanduku nikatamani kukizima kwa kidole.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana nampamba mdogo wangu. Kabla ya hapo alishatuambia tufunge lango, tukafunga. Alikuwa amechukua mvua ya watabiri akaitia kwenye kompyuta yake, nalo wingu likaenda kupasukia upande wa pili wa mlima. Mto ukashuka safi kabisa, ukatupita, ukaenda zake jangwani, sisi tumesimama kwenye mfereji tukiutazama. Mwaka ule tulikunywa maji ya gari la tangi. Watu waliuza kondoo. Jirani yangu Moha aliuza mpaka dume lake la mbegu, na tangu hapo hakuniita kwa jina langu. Aliniita Bwana Lango.

"Kompyuta inanyeshesha mvua ninayoipa mimi," Tuda alinieleza baadaye, macho yamemvimba. "Nikiipa uongo, inanirudishia uongo wenye picha nzuri."

Ndipo akaleta kipimamvua, akakisimamisha uani kwetu kwenye nguzo, kwa sababu nyumba yetu ndiyo ya juu kabisa, chini ya kifusi. Kile cha umeme kilichofungwa mlimani wezi walikwisha kukichukulia paneli yake ya jua. Hiki kilikuwa kopo lenye mdomo mpana na kioo kirefu ndani, kama bilauri, chenye alama. Mama alipewa kazi ya kukisoma. Mvua ikikatika anapiga picha ya kioo kwa simu, anamtumia Tuda, Tuda anaiingiza kwenye kompyuta, halafu ananiambia mimi: fungua, au funga. Toka mvua ikatike mpaka mto ufike langoni, mtu ana nafasi ya kunywa chai bila haraka. Baraza likakubali. Moha alikubali pia, kwa shingo upande.

Alasiri hiyo nilikuwa chini kwenye mfereji na wanaume wenzangu, tunatoa mawe. Kule juu mlima ulikuwa umefunikwa na wingu jeusi. Huku kwetu yalianguka matone machache ya kutuchokoza, jua likatoka, kisha kukawa giza tena. Radi ilikuwa mbali. Sikuweza kujua juu kumenyesha kiasi gani.

"Bwana Lango," Moha akaniambia, "leo dada yako ameota nini?"

"Hajalala. Anafanya kazi."

"Kazi ya kunyeshesha mvua ya uongo! Hata mimi nikipewa kiti na kiyoyozi nitainyeshesha."

Wakacheka. Binti yake mdogo, Yamna, alikuwa amekaa kwenye ukuta wa mfereji anachezesha miguu, naye akacheka kwa sababu baba yake amecheka.

Simu ikalia. "Mama amenitumia kipimo," Tuda akasema. Sauti yake ilikuwa nyepesi, jambo ambalo silisikii mara nyingi. "Ni kidogo, Kaka. Nimeiendesha na kuirudia. Korongo la mgodi halitoki maji. Fungua."

"Una hakika?"

"Bassou, fungua kabla hawajaniroga."

Nikashika usukani nikauzungusha. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Mto ulifika na kelele zake, maji ya udongo mwekundu, povu, vijiti, kandambili ya mtu, ukaingia kwenye mfereji, ukapita lango, tukasikia sauti yake ikiangukia ndani ya birika tupu. Wanaume wazima walilia. Moha alichota kwa viganja viwili akanywa, akachota tena akamnywesha Yamna.

"Kunywa, mwanangu, baraka ya upawa hii. Haya, Bwana Lango, mwambie dada yako nimemsamehe nusu. Nusu nyingine akinirudishia dume langu."

Wanawake walikuwa wanashuka kwa vigelegele. Itto alikuwa mbele yao, polepole, na nywele zake zilikuwa zimelowa chapachapa chini ya kitambaa, na gauni limegandana na tumbo. Nikamgombeza kwamba atapata homa.

"Homa gani," akacheka. "Mama amenikosha. Amenipaka tumboni na akaninywesha. Maji ya kwanza ya bibi harusi, ambayo hayajagusa ardhi. Alisema mtoto atatoka kama anayeteleza."

Hiyo ni ada yetu, naijua. Mvua ya kwanza baada ya upawa kutembezwa ni mali ya mwenye mimba. Hukingwa kwenye bakuli juu ya paa. Nikatabasamu. Kisha nikakumbuka kwamba bakuli letu la paani lilipasuka wakati wa baridi.

"Alikinga kwa nini?"

"Kwenye kile chombo cha Tuda. Mama anasema hakuna chombo kisafi kama kile, kina kioo, na kiko juu."

Nikamshika mkono. "Itto. Alikuchotea kabla ya kupima au baada?"

Aliacha kucheka. Akageuka kumtazama Mama, ambaye alikuwa anafika nyuma yake, amebeba upawa begani.

"Mama," nikasema, "kile kioo ulikimwaga?"

"Sikukimwaga! Nimwage maji ya Mungu? Ilinyesha ya kwanza, kubwa, ikakatika. Nikachukua yale nikampa mwenye haki yake. Nikakirudisha mahali pake. Ikanyesha ya pili, hiyo ndiyo nikapima, nikapiga picha, nikamtumia mdogo wako. Kila kitu sawasawa."

"Ya kwanza ilifika wapi?"

"Wapi nini?"

"Kwenye kioo, Mama! Ilifika wapi?"

Nilimpigia kelele mama yangu mbele za watu. Aliuweka upawa chini. Akainua kidole chake cha shahada, akanionyesha mahali penyewe kama anavyoonyesha kina cha unga kwenye gudulia, kisha akakipandisha kidole, akakipandisha tena.

"Kilijaa," akasema. "Kilikuwa kinafurika."

Nikampigia Tuda. Nilimweleza kwa maneno yaliyogongana. Hakunigombeza. Nilisikia vidole vyake vikigonga, kisha pumzi yake. Nikauona uzi mwekundu ukijikokota, nikaona kijisanduku cheusi, na ndani ya kijisanduku nikamwona Itto.

"Funga," Tuda akasema. "Kaka, funga sasa hivi. Korongo linatoka. Kwenye kompyuta limeshafika mtoni."

Nikaurukia usukani. Moha alishaushika.

"Unafanya nini wewe?"

"Nafunga! Kipimo kilikosewa. Mvua ilikuwa kubwa. Korongo la mgodi linakuja."

"Aa, hapana. Mara hii hapana, wallahi." Alisimama mbele ya lango kwa upana wake wote, na wenzake wawili wakaja ubavuni. "Mwaka ule kompyuta, leo mama yako. Kesho nani, paka? Maji haya, mbona safi? Nimeyanywa mwenyewe!"

"Moha, niachie."

"Nyumba yenu mna nini na maji ya watu?"

Nilimsukuma, akanisukuma, nikaanguka kwenye tope. Nyuma yangu Mama alikuwa anapiga kelele kwamba ni yeye, ni yeye aliyeharibu, wamwache mtoto wake afunge. Hakuna aliyemsikiliza. Maji yaliendelea kunguruma ndani ya birika. Nikamtazama Yamna juu ya ukuta, mikono yake bado imelowa.

"Moha," nikasema kutoka chini. "Yamna amekunywa."

Akakaza mikono kwenye usukani.

"Amekunywa viganja viwili. Nyumbani unataka anywe mwaka mzima?"

Alimgeukia binti yake. Sijui aliona nini, lakini mkono wake uliteleza kwenye usukani, kisha akaushika upya na kuanza kuuzungusha upande wa kufunga, kwa nguvu, meno nje. Nikaruka nikashika upande wangu. Maji yalilisukuma lango, chuma kikalia, wengine wawili wakaongeza mikono. Tulipokaza mzunguko wa mwisho, mto pembeni yetu ulikuwa umebadilika rangi. Ulikuwa wa kijivu. Mimi nilisema ulibadilika kabla hatujamaliza kufunga. Moha akasema ulibadilika baada. Hatukuafikiana, na tulisimama bega kwa bega.

Tuda alikuja na chupa zake, akachota maji ya birika akaziba, akaandika, akaondoka nazo. Alituambia kompyuta haiwezi kumaliza ubishi wetu, kwamba tofauti ni ndogo mno, dakika tu, na jibu litatoka maabara ya mjini, na maabara ina foleni. Mpaka hapo mtu asiguse. Moha alimpeleka Yamna hospitali, wakamtoa damu, wakamwambia hakuna la kutisha ila amrudishe tena baadaye. Neno hilo la baadaye lilimkondesha. Aliacha kuniita Bwana Lango. Aliniita Bassou, na nilitamani arudie lile la zamani.

Gari la tangi likawa linakuja. Tulijipanga na madumu, kila nyumba kipimo chake, na birika letu limejaa theluthi pale pale chini ya miguu yetu. Nililala vibaya. Nilimkagua Itto kila alipoinua kikombe: haya umeyatoa wapi, dumu lipi, nani alikujazia? Aliniambia nitamtia wazimu kabla risasi haijamfikia. Alijifungua salama, msichana, mwenye sauti ya bibi yake, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtoto wa kumpa jina. Tulimwita Tanirt. Nilimshika nikachungulia kucha zake, ufizi wake, weupe wa macho yake. Sikujua natafuta nini.

Mama ndiye aliyenyamaza. Yeye ambaye sauti yake huvuka mto, akawa anakaa mlangoni bila neno. Nilidhani ni aibu, nikamwacha. Siku moja nilikwenda kumimina maji ya gari kwenye gudulia lake nikalikuta limejaa. Nikashangaa, maana madumu yalikuwa yote kwangu. Nikainama. Maji ya gari yananuka dawa. Haya hayakuwa na harufu yoyote.

"Mama, haya umeyatoa wapi?"

Alikuwa anatengeneza nyuzi za sufu. Hakuinua uso.

"Unajua nilikoyatoa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Nikakaa sakafuni kama mtoto. "Kwa nini? Mama, kwa nini?"

"Karatasi ya mjini inachelewa," akasema. "Watu wana kiu. Nikasema, mimi nikiumwa mapema, mtajua mapema. Nisipoumwa, mtakunywa. Kwani kipimo nani alikiharibu, si mimi? Sasa napima vizuri."

"Haifanyi kazi hivyo! Si sumu ya panya, haiui mtu kwa siku! Tuda alikwambia—"

"Tuda aliniambia nisome kioo, na nikakisoma vibaya. Usinipandishie sauti, mwanangu, mtoto amelala."

Nililimwaga lile gudulia uani. Alinitazama tu. Kisha akakunja mkono juu ya tumbo lake, kidogo, kama mtu anayejikuna, nami nikagundua kwamba nilikuwa nimemwona akifanya hivyo siku nyingi bila kuuliza.

Simu ya Tuda iliingia wiki iliyofuata, Mama akiwa amempakata Tanirt. Niliweka sauti kubwa, kwa sababu sikutaka kuisikia peke yangu.

"Majibu yametoka," Tuda akasema, akaanza kulia kabla hajafika mwisho. "Imo. Kaka, imo, nyingi. Mlichelewa kidogo tu. Birika lote lisafishwe. Asinywe mtu. Mshukuru Mungu hakuna aliyekunywa tangu lango lifungwe."

Itto alijifunika uso kwa shela.

"Tuda," Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "mtu mzima aliyekunywa, inachukua muda gani kuonekana?"

Nilisikia kiti cha Tuda kikisogea kule mjini.

"Mama," akasema. "Mama, nani amekunywa?"

"Nimekuuliza mimi kwanza. Hiyo kompyuta yako haijui?"

"Haijui, Mama. Inajua maji tu."

"Haya." Alimweka sawa Tanirt mapajani, akamfuta mate mdomoni kwa ncha ya kitambaa. Nje kulikuwa kumeanza kuingia wingu. "Bassou, mchukue mtoto. Nikakisafishe kile kioo kitoke vumbi. Ikinyesha leo, mtu asikiguse mpaka nimekisoma."

Aliinuka, akashika ukuta, akasimama hapo kwa muda, mkono tumboni. Kisha akatoka uani.